Ndege wa miamba ya Rwenzori

Wamama wapendwa, juma hili tupande kidogo mlima wetu. Anayetoka Beni kwenda Kasindi huuona Rwenzori upande wa kushoto, kama mawingu hayakuuficha. Kilele chake, Margherita, kina metre 5109, kwenye mpaka wetu na Uganda. Kwenye majabali yake yaliyosimama wima ndiko anakozalia teleka mkubwa mwenye tumbo jeupe, naye huruka mbali kutafuta wadudu.

Wengi humwita mbayuwayu, lakini hao ni ndege wawili. Mbayuwayu hutua kwenye waya wa umeme, teleka hawezi. Miguu yake ni mifupi mno, na kucha zake ni za kung'ang'ania mwamba. Mgongo ni wa kahawia, koo na tumbo ni vyeupe, na kifuani kuna mkanda wa kahawia. Akikunjua mabawa hufika sentimeta 55 hivi, yamepinda kama mundu.

Hula na kunywa akiruka. Mwaka 2013 watafiti wa Uswisi walieleza kwamba ndege wa aina hii waliofungwa vifaa vidogo walikaa angani zaidi ya siku 200 bila kutua. (Mimi nikisimama mbele ya darasa hadi mchana, miguu inalia!) Wakati wa kuzaa, dume na jike hudaka manyoya na majani yanayopeperuka, wakayagandisha kwa mate ndani ya ufa wa mwamba. Wote wawili huatamia, wote wawili hulisha. Wababa nao wasomewe hapo.

Sasa jambo la watoto wetu. Mvua kali ikimwangusha teleka, huinuka kwa shida, maana mabawa marefu hupiga udongo. Watoto wakimwona anagaagaa husema amevunjika miguu, wakamfunga kamba na kumlisha bugali. Bugali haumfai kabisa. Yeye ni wa wadudu tu, na wengi hufia mikononi hivyo.

Waambieni wamchukue kwa mikono miwili hadi mahali pa wazi, wamweke juu ya kiganja, wainue mkono. Wasimrushe. Kama ni mzima atatetemeka kidogo, kisha ataondoka mwenyewe. Akikataa, alale ndani ya katoni yenye matundu, mahali pa giza, wajaribu tena asubuhi. Halafu kila aliyemshika anawe kwa sabuni.