Sauti Zilikuwepo

Taarifa ya msiba wa mwalimu wangu imenikuta Kilambo, nilikozaliwa na nilikorudi baada ya kustaafu. Utoto wangu ulikuwa mpunga, mikorosho na maji ya Ruvuma; sina mengi ya kusimulia. Aliyenifanya muuguzi ni mwalimu huyo.

Ilikuwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, zamu ya usiku. Kijana mmoja alikuwa akijibizana na ukuta. Nikamwambia, "Mbona hapa hakuna mtu?" Mzee, mwalimu wangu, akanivuta kando. "Mwanangu, usibishane naye. Muulize sauti zinamwambia nini."

Miaka mingi baadaye, katika hospitali moja ya kusini, daktari alinikaripia mbele ya wagonjwa kwa kumuuliza mmoja wao swali hilohilo, eti nauchochea wazimu. Nilinyamaza, ila sikuacha kuuliza. Jioni ileile mgonjwa yule aliniambia sauti zinamwamuru akajitose mtoni. Tukamwita kaka yake, akalala naye wodini hadi dawa ilipomtuliza. Nisingeuliza, nani angejua?

Sayansi nayo inamuunga mkono mzee: mwaka 1993 watafiti wa London walichapisha matokeo ya picha za mtiririko wa damu katika ubongo wa wanaume 12 wenye skizofrenia. Sauti zilipokuwa zikisema, damu ilikwenda kwa wingi zaidi eneo la Broca, upande wa kushoto mbele, tunaloundia maneno, kuliko zilipokuwa zimenyamaza. Watafiti wengi hulieleza jambo hili hivi: ubongo unasema, mwenyewe haitambui kauli yake, anaisikia kama ya mtu mwingine. Kumbe yule kijana wa Mirembe hakuwa akitudanganya. Mzee hakuhitaji mashine kumwamini.

Nanyi vijana mnaovaa sare leo, nisikilizeni. Naona familia zikitumia pesa yote ya korosho kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam akapigwe picha ya kichwa, ijulikane kama ni kichaa. Waambieni ukweli. Picha hufaa kutafuta uvimbe au jeraha. Matokeo yale ya London yalikuwa wastani wa kundi zima. Hayatoshi kumthibitishia mtu mmoja ugonjwa. Skizofrenia bado hutambuliwa kwa kuzungumza na mgonjwa, kuwasikiliza ndugu zake na kumfuatilia kwa muda.

Pesa ya korosho iwe nauli ya kufuata sindano ya dawa ya kila mwezi. Nanyi vuteni kiti, mkae, mmuulize zinamwambia nini.