Upawa wa kantini

Mama mkubwa alikuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kupokea mshahara, na aliupata kwa kupika. Alipanda treni hapa Chita mwaka mmoja baada ya Wachina kuikabidhi Reli ya Uhuru, Julai 1976, akashuka Kidatu na kuajiriwa kantini ya kiwanda cha sukari. Kabla ya reli, masika yalilikata bonde letu la Kilombero vipande vipande. Aliyetaka kufika Kidatu alisubiri matope yakauke au alitembea.

Kantini yenyewe sikuiona, lakini nimesimuliwa mpaka naweza kuichora. Kuamka saa tisa usiku, maharage yameshalowekwa tangu jioni. Ugali ulisongwa na wanawake wawili kwa sufuria moja: mmoja na mwiko mrefu kama kasia, mwenzake akishikilia ukingo kwa kitambaa kibichi sufuria isizunguke. King'ora kikilia, zamu moja inatoka, nyingine inaingia, foleni inajaa dirishani. Wakata miwa walikuja weusi kwa masizi, maana shamba huchomwa moto kabla ya kukatwa. Kila mtu alikuwa na haki ya upawa mmoja tu wa mboga, na msimamizi alisimama nyuma kuhakikisha. Lakini upawa una siri zake. Mama mkubwa akichota juujuu, ulitoka mchuzi. Akiuzamisha na kuunyanyua polepole, ulitoka na maharage matupu. Wakata miwa aliwazamishia. Hilo analisimulia mpaka leo bila kupunguza sauti.

Baba mdogo yeye hukumbuka Saba Saba. Tarehe 7 Julai, siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954, ndiyo ilikuwa Siku ya Wakulima, nayo kwa bonde la Kilombero ilifika wakati mzuri kabisa: mpunga umeshapigwa na kuingia ghalani, na huko Kidatu msimu wa kusaga miwa ndio umeanza, kwa hiyo waliokuwa kazini walituma chochote nyumbani. Kijijini watu walivuta kamba, wakakimbia na magunia, ngoma zikalia mpaka usiku, na wakulima wakapanga mazao yao juu ya mikeka ili yatazamwe. Chakula hakikuuzwa. Kila kaya ilileta mchele wake, vyungu vikawekwa chini ya miembe, na mama mkubwa akipata ruhusa alikuja kusimamia. Nadhani hapo ndipo kijiji kilipotambua alichokwenda kujifunza. Kupikia watu mia tatu, wali usiungue chini na usibaki mbichi juu, ni ujuzi. Wanaume waliozoea kumuita binti wa fulani walianza kumuuliza maji yawekwe kiasi gani.

Miaka ya 1990 Siku ya Wakulima ilihamia Nane Nane, na maonyesho makubwa ya kanda yetu yakawa Morogoro mjini, pamoja na wenzetu wa Pwani, Tanga na Dar es Salaam. Huko kuna mabanda, trekta na mbegu mpya, na mkulima anayefika hujifunza mengi, siyabezi. Ila nauli si ya kila mtu, na miembe yetu ilibaki bila vyungu. Kilichobaki hapa ni mnada. Kiwanda nacho kilibinafsishwa mwaka 1998, wakati huo mama mkubwa ameshachukua fedha zake za uzeeni za mfuko wa NPF, akajenga nyumba ya bati na kununua masufuria mawili makubwa.

Masufuria hayo ndiyo binti yake, ambaye mimi namwita dada, anayapeleka mnadani. Wali, maharage, samaki wa mtoni, chai ya rangi. Huamka saa tisa usiku kama mama yake, hupikia watu wengi vilevile, na wali wake hauungui. Mama mkubwa mwenyewe amekiri kwamba dada amemzidi kwenye samaki. Tofauti ni kwamba mama yake aliitwa mfanyakazi: alikuwa na kitambulisho, likizo na makato ya uzeeni. Dada anaitwa mama lishe, analipa ushuru, na siku akiugua mnada unapita bila yeye kupata hata shilingi.