Tulioingia na Tuliobaki

Mhariri aliniomba insha juu ya michikichi ya Rumonge, nami nilikuwa nimekwisha kuianza. Lakini mwezi wa pili wa muhula huu katibu wa shule aliniita ofisini akanionyesha rafu ya vitabu vya mahudhurio. Mchwa walikuwa wamekula migongo ya vitabu, na kurasa nyingine zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Akaniambia, "Wewe una mwandiko mzuri. Keti hapa kila Jumamosi, unakili majina katika vitabu vipya." Basi nikaketi, na insha ya michikichi ikafa hapo.

Jumamosi ya tatu nikakifikia kitabu cha darasa letu wenyewe, darasa la saba la Septemba 2019. Majina yalikuwa 86. Langu ni la 31. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nakumbuka tulikaa wanne katika dawati la watu wawili, hata aliyetaka kuandika alimwomba mwenziwe avute kiwiko. Leo tuko mwaka wa mwisho, na katika wale 86 tumebaki 19. Wanafunzi 11 walipangiwa shule nyingine baada ya mtihani wa taifa wa darasa la tisa. 8 walirudia darasa na sasa wako nyuma yetu. Mmoja ameandikwa kuwa amefariki. Mbele ya majina 47 yaliyosalia mwalimu ameandika neno moja tu la Kifaransa, "abandon", yaani ameacha.

Nilipoyasoma majina hayo niliona kwamba neno lile si kweli kwa wote. Mmoja wao hakuacha kitu. Alikufa kwa malaria wakati wa likizo, na sisi tulimzika. Yamkini nyumbani kwake hawakuleta habari shuleni. Nikamwuliza katibu, "Nifanyeje?" Akasema, "Nakili kama ilivyo."

Sasa nataka kueleza jambo nililoligundua kwa kunakili, maana mtu akisoma tu haoni. Katika darasa la nane alama za kutokuwapo hazikutapakaa ovyo. Zilikuja kwa mafungu. Juma moja darasa limejaa, majuma mawili baadaye wavulana kumi na wawili hawapo, kisha wanarudi, kisha hawapo tena. Nilidhani ni ugonjwa, mpaka nikatazama tarehe. Ilikuwa ni mwezi wa mbinguni! Ninyi mliokulia pwani hii mmekwisha kufahamu. Ndagala huvuliwa usiku wa kiza. Mitumbwi miwili iliyounganishwa, ambayo kwetu huitwa apollo, huwasha taa juu ya maji, na samaki hufuata mwangaza hata wavu uinuliwe kutoka chini. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, wavuvi hupumzika, wanashona nyavu, na watoto wao huja shuleni. Kiza kikirudi, dawati huwa tupu. Kwa hiyo mtu akinipa kitabu kile bila tarehe, naweza kumwambia siku gani mwezi ulikuwa mpevu.

Katika wavulana hao alikuwamo mwenzangu wa dawati. Sitamtaja jina, ingawa wengi mtamjua. Alikuwa akifika asubuhi magamba yakiwa bado mikononi, akilala kabla ya saa ya pili. Mwalimu alimwamsha kwa upole mara ya kwanza, mara ya pili kwa ukali. Babake aliugua mgongo, na mgao wa chombo haupewi mtu aliyelala nyumbani. Katika darasa la tisa alikuja siku nne za mwezi Februari, halafu hakuja tena. Nami niliyekaa naye miaka miwili sikwenda kumwuliza. Nilifurahi kupata nafasi ya kiwiko changu. Naandika jambo hili kwa aibu.

Wasichana nao wana mwezi wao mwingine. Ndagala wakitoka majini lazima waanikwe siku ile ile, na kazi hiyo ni ya akina mama na binti zao. Tena wako waliopata mimba. Watu wengi hukumbuka amri ya mwezi Juni 2018 iliyosema kwamba msichana mwenye mimba, na mvulana mwanafunzi aliyempa, wasirudi tena katika shule za kawaida. Amri ile ilifutwa mwezi uliofuata. Jirani zetu wa Tanzania waliwafungulia mama wanafunzi mlango mwezi Novemba 2021. Basi kwa karatasi mlango uko wazi huku na huku. Lakini msichana aliyekuwa akitushinda sote hisabati, aliyetoka mwaka 2022, hakuzuiwa na karatasi. Alizuiwa na swali la nani atashika mtoto kuanzia saa moja asubuhi. Na mvulana yule, baba wa mtoto, yumo darasani mwetu hata leo, katika wale 19. Mbele ya jina lake hakuna neno lolote.

Nilipokuwa nikiandika hayo nilimkumbuka kaka yangu, ingawa jina lake halimo katika vitabu vya shule hii.

Babu yetu alikuwa wa hapa hapa pwani. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua Watutsi wengi, kisha jeshi la serikali likalipiza kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, na hasa waliosoma. Walimu walichukuliwa, na wanafunzi wa sekondari walichukuliwa kutoka madarasani na mabwenini. Mtu akivikuta vitabu vya mahudhurio vya mwaka ule ataona safu zinakatika katikati ya muhula. Babu alivuka kwenda Tanzania, akapelekwa makazi ya Ulyankulu, na huko ndiko tulikozaliwa sote. Tulirudi mwaka 2008 pamoja na maelfu ya wengine. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Kaka alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikuwa amemaliza darasa la sita kwa Kiswahili.

Hapa walimwuliza kwa Kifaransa, hakujua. Walimwuliza kwa Kirundi cha shuleni, akasoma kwa kusitasita. Wakamweka darasa la tatu. Mama husimulia kwamba magoti yake yaligonga ubao wa dawati, na watoto wadogo walimwita babu. Somo moja tu ndilo alilowashinda wote, nalo ni Kiswahili, na hilo lilikuwa na saa chache. Alivumilia mwaka mmoja na nusu. Sikumbuki siku aliyoacha, kwa kuwa nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka siku aliyoniletea daftari la kwanza kutoka sokoni, likinuka samaki.

Nasikia watu wazima wakisema kwamba siku hizi elimu ni bure, kwa hiyo anayeacha ni mvivu. Ni kweli kwamba karo ya shule za msingi iliondolewa hapa mwaka 2005, kama Uganda ilivyofanya mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003. Ni jambo kubwa, wala silidharau. Bila hilo sisi 86 tusingefikia hata kuwa 86. Lakini aliyefungua mlango alihesabu wanaoingia, na hesabu hiyo husomwa kwa sauti. Hesabu ya wanaotoka nayo ina hila yake. Mwaka jana katika sikukuu ya shule tulipiga makofi sana kwa sababu wanafunzi 24 walifanya mtihani wa serikali na 22 wakafaulu. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Hakuna aliyeuliza darasa lile lilianza na wangapi. Mimi sasa najua, maana nimelinakili: lilianza na 79.

Jumapili moja, mwezi ukiwa mpevu, nilishuka ufukoni nikamtafuta mwenzangu wa dawati. Sehemu ile si kama zamani. Tangu ziwa lipande, hasa mwaka 2021 na 2024, maji yameingia majumbani, na jamaa kadhaa wamehamia mlimani; hao nao wamo katika 47. Nilimkuta akishona wavu. Amekuwa mpana wa mabega kuliko mimi. Tulisalimiana, akaniuliza habari za walimu mmoja mmoja, hata za yule aliyempiga rula. Nikamwambia kazi niliyopewa.

Akaacha sindano, akauliza, "Mimi mmeniandikaje?"

Nikamwambia, "Wameandika kwamba umeacha."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilituma barua. Nilimpa mdogo wangu. Niliomba nije siku za mbalamwezi tu, mpaka baba apone." Sijui barua ile ilifika wapi. Mdogo wake alikuwa na miaka minane. Huenda iliishia mfukoni, huenda iliishia mezani pa mtu. Katika kitabu haimo, nami nimepekua kurasa zote.

Usiku ule nilimweleza kaka mambo hayo tukila. Nilisema natamani kwenda ziwani naye mpaka mtihani ukaribie, maana ada ya bweni ya muhula huu ilikuwa haijatimia. Hakunijibu. Asubuhi nilikuta fedha juu ya kitabu changu cha fizikia, na baadaye nikasikia kwamba ameuza sehemu yake ya wavu mpya. Sasa anavua kwa wavu wa mtu mwingine, kwa mgao mdogo. Nilipotaka kumshukuru alisema nichote maji.

Jumamosi iliyofuata nilirudi ofisini. Kwa ruhusa ya mkuu wa shule nimeongeza safu moja katika kitabu kipya, na kwa majina 33 kati ya yale 47 nimeweza kuandika sababu baada ya kuuliza nyumbani kwao: ziwani, mawese, mtoto, kuhama, kufa, kukosa ada. Majina 14 sijapata habari zao. Mkuu wa shule alisoma ukurasa mzima amesimama, akaniuliza kama yule msichana wa hisabati bado yuko mtaa ule ule. Nikasema yuko. Wameongea mara mbili na mamake. Mama anasema mtoto atakaa naye siku za shule, ila siku za kuanika samaki haahidi. Mpaka leo wanapatana.

Nina ombi moja kwa chama cha wazee wa shule, mtakapokutana mwezi wa nane. Nimeona barua zenu za mwaliko. Hupelekwa kwa waliotoka na cheti tu. Naomba mwaka huu zipelekwe na kwa hawa. Walikaa katika madawati haya, walilima bustani hii, na baadhi yao walisomba mawe ya jiko jipya tunalopikia. Mkikutana siku ya mbalamwezi, watakuja. Orodha ninayo, nimeiandika kwa wino mweusi, na katibu anajua ilipowekwa.