Sebule ya Mama

Mwaka ule mimi na kaka yangu tulipokwenda Uru kula Krismasi, tulimchukulia mama ndoo ya lita 20 ya rangi ya samawati kwa ajili ya sebule yake. Niliichagua mimi, nikiwa Dar es Salaam, shati limenigandamana mgongoni kwa jasho. Kila nilipoitazama rangi ile niliona upepo wa bahari.

Mama alikuwa ameomba rangi ya maziwa. Hakubishana nasi. "Nyinyi ndio mnaojua mambo ya siku hizi," alisema, akarudi jikoni. Fundi akapaka mkono wa kwanza na wa pili. Jua lilikuwa likiwaka siku zile, na wageni walisifu sana.

Nilirudi Julai. Aliyewahi kukaa Uru mwezi huo hahitaji kusimuliwa: ukungu hushuka kutoka msituni ukatanda juu ya migomba, na pengine siku nzima jua lisionekane. Moshi mjini watu wanatembea na shati moja, nawe huko juu unatafuta sweta. Nilimkuta mama amehamishia kiti chake jikoni, karibu na mafiga.

"Mle ndani mna baridi, mwanangu," aliniambia. Hakusema zaidi.

Najua kwamba rangi ya ukuta wa ndani haipandishi wala haishushi joto la chumba. Lakini jicho lina hesabu yake. Nyumba yetu imo katikati ya kihamba: kahawa chini, migomba juu yake, na juu zaidi miringaringa na migrivea. Mwanga unaofika dirishani umekwisha chujwa na majani hayo, ni haba na una ukijani. Ukiangukia samawati, ukuta hufanana na majivu yaliyolowa. Ukiangukia rangi ya maziwa au manjano hafifu, hurudi chumbani ukiwa na uhai. Tena jicho la mzee hupokea mwanga kidogo kuliko la kijana. Mimi nilikuwa nimechagua dawa ya joto langu, nikampaka nayo mtu mwenye baridi.

Basi, ndugu msomaji unayekarabati nyumba ya wazazi, usichague rangi ukiwa dukani. Paka kipande ukutani kwenyewe, kitazame asubuhi na jioni, kisha umwulize atakayeketi humo. Umwulize, nawe umsikilize.

Kaka alinung'unika juu ya gharama, nikamwacha anung'unike. Nilipaka mwenyewe, mikono mitatu, maana samawati iliendelea kuchungulia. Futi mbili za chini nilipaka rangi ya mafuta ya kahawia, kwa sababu ya tope jekundu la masika. Mama alisimamia kazi yote akinionyesha nilikoruka.

Nilikuwa bado nakusanya magazeti niliyotandika sakafuni alipoingia amebeba kiti chake.