Miaka Kumi ya Kamera ya Raspberry Pi

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ilipoingia sokoni Februari 2012 kwa dola 35, wengi tulivutwa na bei. Mimi ilininasa mwaka uliofuata, ilipopata kamera yake ya megapikseli 5. Unachomeka waya wa utepe wa kamera, unaandika raspistill -o picha.jpg, picha hiyo. Niliifunga juu ya banda la kuku nyumbani, ikawa inapiga picha kutwa bila kusumbua.

Urahisi ule ulikuwa na mwenyewe. Kazi ya kusawazisha rangi na mwanga haikufanywa na Linux, bali na chipu ya michoro ya Broadcom, ikiendeshwa na faili lililofungwa, start_x.elf. Programu zililifikia kupitia MMAL, kiolesura cha Broadcom wenyewe. Picha za jioni zilipotoka na wekundu, nilichoweza kugusa ni chaguo la -awb: jua, mawingu, taa. Yote yakishindwa, ndiyo basi.

Linux tayari ilikuwa na V4L2, kiolesura cha pamoja cha kamera za kila aina. Hata draiva ya kuiunganisha kamera hii na V4L2 ilikuwepo, ila ukiifuata hadi mwisho unakutana na faili lilelile lililofungwa.

Mageuzi yalifika Novemba 2021 na toleo la mfumo endeshi wa Raspberry Pi liitwalo Bullseye. Lilihamia libcamera, maktaba huria inayohudumia pia kamera za bodi na kompyuta za watengenezaji wengine. Waliotaka mfumo wa zamani wa kamera waliweza kuurudisha kwa muda, nami nikawa miongoni mwao. Toleo lililofuata, Bookworm la 2023, likauondoa kabisa, na bodi ya Pi 5 ya mwaka huohuo ikaja bila njia ile ya zamani.

Nilinung'unika. Amri mpya zilikuwa ndefu, na kabla hatujazizoea, libcamera-still ikabadilishwa jina ikawa rpicam-still. Lakini ndani ya libcamera ndimo nilimokuta ov5647.json, faili la maandishi matupu lenye majedwali ya rangi ya kamera yangu ileile ya mwanzo, yamepangwa kwa joto la mwanga. Nililinakili, nikabadili namba chache za upande wa mwanga wa jioni, nikaiambia programu isome nakala yangu kwa --tuning-file. Kuku wakarudia rangi zao.

Siudharau mfumo wa kwanza. Ulimpa picha mtu asiyejua chochote kuhusu Linux, na anayeanza bado anastahili urahisi huo. Tatizo lilianza pale kazi ilipotakiwa kuishi muda mrefu kuliko bodi: kilichoandikwa kwa MMAL hakikuwa na pa kuhamia. Ndiyo maana siku hizi, mradi ukiwa wa kudumu, nachagua kiolesura kwanza, ndipo ninunue bodi.