Mbacha Wetu na Msala Upitao

Miongoni mwa methali ambazo sisi walimu wa Kiswahili hatuachi kuzifundisha ni ile isemayo: usiache mbachao kwa msala upitao. Tunaanza na sarufi, kama ilivyo desturi yetu. Mbachao ni mbacha wako, yaani mkeka wako uliochakaa. Msala ni mkeka wa kusalia, mzuri wa kutazama, lakini ni wa mpita njia. Kisha tunaingia katika maana, tunawaambia wanafunzi kwamba kilicho chao, kijapokuwa duni, ndicho kitakachowafaa siku ambayo mgeni amekwisha kukunja mkeka wake akaenda zake.

Hapa West Nile methali hiyo haikai darasani tu. Mwenye kupita katika soko la Arua, au katika maduka ya Koboko karibu na mahali ambapo mipaka ya nchi tatu inakutana, ataona sahani na ndoo za plastiki kutoka Uchina, vitenge vilivyozunguka kwa njia ya Kongo, na marundo ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Serikali kwa upande wake imekuwa ikihimiza tangu mwaka 2014, kwa sera yake ya "Nunua Uganda, Jenga Uganda", kwamba raia wapende vya nyumbani. Tulipokuwa tukiifafanua methali yetu kwa kutumia mfano huo, mwanafunzi mmoja alituuliza: "Mwalimu, na ikiwa mbacha wenyewe haupo?"

Swali hilo linastahili jibu lililo zito kuliko "kaa chini".

Kwanza hatuna budi kuuliza: "wetu" ni nani? Maana neno dogo hili la kumiliki, ambalo tunalifundisha katika wiki za mwanzo, ni gumu mno mpakani. Nchi hii ya West Nile ilikuwa sehemu ya Enklevu ya Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1910 ikapelekwa Sudan. Mwaka 1914 ikaingizwa Uganda. Mtu aliyezaliwa wakati wa Leopold aliweza kuwa raia wa tawala tatu kabla ya kuota ndevu, naye asiondoke kijijini kwake. Hata leo Walugbara wako Uganda na Kongo, na Wakakwa wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mama anayetoka upande wa Koboko kwenda katika soko la Ariwara, nchini Kongo, yamkini anakwenda kwa shemeji yake. Ukimwambia kwamba kitenge alichokinunua huko ni cha kigeni, atakutazama kwa mshangao.

Tena mkondo haushuki upande mmoja tu. Sukari, sabuni, saruji na biskuti za viwanda vya Uganda zinavuka kila siku kwenda Kongo na Sudan Kusini. Huko ng'ambo, basi, sisi ndio wenye msala upitao. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Tukiomba jirani asiifungie sabuni yetu mlango, haitupasi kuufunga wa kwetu kila anapoleta chake. Kwa hiyo "vya nyumbani" maana yake isiishie Kampala na Jinja. Nyumba yetu ina vyumba zaidi ya kimoja.

Pili, tuutazame ushuru wenyewe. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na nasaba yake inakwenda kwenye hesabu ya sehemu moja ya kumi. Siku hizi umepita mbali na hiyo sehemu ya kumi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2005, uliweka viwango vitatu kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya: hakuna ushuru kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa zilizo nusu njia ya kutengenezwa, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwaka 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, kwa baadhi ya vitu ambavyo Jumuiya inaamini kwamba inaweza kujitengenezea, kama vile nguo, samani na bidhaa za ngozi. Mwalimu wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba katika orodha ya bidhaa nyeti ya miaka iliyotangulia, maneno kanga, kikoi na kitenge yaliandikwa hivyo hivyo katika sheria ya Kiingereza, nayo yakatozwa asilimia 50. Furaha hiyo inapungua akikumbuka kwamba mwenye kuilipa asilimia 50 ni mama anayejifunga kitenge hicho.

Hapo ndipo penye siri ya ushuru. Mfanyabiashara huulipa forodhani, kisha huuongeza katika bei. Mnunuzi wa mwisho ndiye aubebaye. Nasi wa Arua tuko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na mbali zaidi kutoka Mombasa, hata kila kitu kinachotufikia, kiwe cha kigeni au cha nyumbani, kimekwisha kulipa nauli ndefu. Ushuru ukizidi juu ya nauli hiyo, watu hutafuta njia za panya. Wachunguzi wa biashara ya mpakani wameeleza jinsi shehena zilivyopita Uganda kwa jina la kwenda Kongo, zikavuka, kisha zikarudi usiku vipande vipande. Katika mji wa Arua walipata sifa vijana walioitwa OPEC Boys, waliouza petroli ya magendo kwa madumu. Wengi wao walikuwa wa kizazi kilichorudi kutoka uhamishoni Zaire na Sudan, ambacho hakikukuta kazi nyingine.

Neno magendo lina historia yake nchini. Mwaka 1972, Idi Amin alipotangaza "Vita vya Uchumi" na kuwafukuza Waasia, maduka na viwanda viligawiwa wenyeji, na watu wakaambiwa kwamba sasa uchumi ni wao. Haikupita miaka mingi sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Waliotajirika kwa uhaba huo wakaitwa "mafuta mingi". Mwalimu wa sarufi angelisahihisha, aandike mafuta mengi. Lakini historia imekwisha kulihifadhi hivyo, na kosa la upatanisho lilikuwa dogo kuliko kosa la siasa ile. Kupewa duka si kujua kufuma nguo. Kumzuia mwenye msala asipite hakukupi mkeka.

Tatu, basi, mbacha unafumwaje? Uganda inalima pamba, na West Nile yenyewe imo katika sehemu ziilimazo. Kiwanda cha nguo cha Nyanza kilijengwa Jinja katika miaka ya 1950, wakati ambapo bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa limeleta umeme. Tazameni utaratibu huo: umeme, kisha kiwanda, kisha nguo. Hata leo sehemu kubwa ya pamba ya Uganda inauzwa nje ikiwa ghafi, ikafumwe na wengine. Na upande wetu wa magharibi ya Nile ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, kilichozinduliwa mwaka 2012, kina uwezo wa megawati 3.5 tu, nacho kilitegemewa na wilaya nyingi kwa pamoja. Fundi anayechomelea milango Arua alikuwa akishindana na kiwanda cha ng'ambo huku akingoja taa iwake.

Jambo la mitumba limetuonyesha ugumu wote huu kwa pamoja. Neno lenyewe ni letu: mtumba ni bunda, robota lililofungwa, Waganda wameligeuza kuwa mivumba, na Arua linaeleweka kwa namna zote mbili. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya walikubaliana kuondosha nguo za mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Nchi nyingine zikarudi nyuma, nayo Rwanda iliyoshikilia msimamo wake ikasimamishwa, mwaka 2018, isiuze nguo zake Marekani bila ushuru. Mwaka 2023 Rais Museveni naye alitangaza kwamba mitumba itapigwa marufuku. Nchi tajiri hukataa ushuru wa maskini, ilhali nazo zinajilinda zinapotaka. Hilo ni dhuluma, na tuliseme. Lakini tuseme pia kwamba mitumba inawavika watoto wetu, na kwamba fundi cherehani wa sokoni anapata riziki kwa kupunguza na kushona upya nguo hizo hizo.

Jambo hili linatugusa walimu pale ambapo shule inaamua habari za sare. Wako wanaosema kila mzazi alazimishwe kununua kitambaa cha Uganda. Wako wanaosema mzazi anunue popote, mradi rangi ifanane. Sisi tunaona kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya nchi iliyofuma shati lake. Elimu yake ni mali ya nyumbani iliyo bora kuliko kitambaa chochote. Lakini shule inaponunua kwa fedha zake yenyewe, madaftari, madawati, nguo za timu ya mpira, hapo haina kisingizio. Dawati lichongwe na seremala wa Arua, jezi zishonwe na fundi wa Koboko, hata kama bei itazidi kidogo, maana mafundi hao ndio wanaotulipia karo. Uzalendo uanze kwa mwenye uwezo wa kuchagua.

Na fundi naye ana deni. Wahenga waliosema habari za mbacha ndio waliosema pia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ushuru ni muda tunaomnunulia mtengenezaji ili ajifunze kazi, na muda huo tunaulipa sisi, kidogo kidogo, katika kila kipande cha sabuni. Akiutumia muda huo kupandisha bei na kupunguza uzito wa kipande, ametuibia mara mbili. Mnunuzi wa bidhaa za nyumbani, kwa hiyo, si mtoa sadaka. Ni mkopeshaji, na mkopeshaji ana haki ya kuuliza.

Tunawapendekezea wenzetu zoezi moja la insha. Kila mwanafunzi achague vitu vitano nyumbani kwao. Aandike majina yake kwa Kiswahili sanifu, mahali vilipotengenezwa, njia vilivyopitia mpaka kufika, na watu waliopata riziki kwa kila kimoja. Katika vitu hivyo kimoja kiwe cha West Nile yenyewe, kama chupa ya asali, gunia la ufuta au mkeka. Kisha darasa lijadili ni kipi kingeweza kutengenezwa hapa, na kinakosekana kitu gani: umeme, mtaji, ufundi, au barabara. Tumeona kwamba mjadala wa namna hiyo unawafundisha wanafunzi msamiati mwingi kuliko kurasa kadhaa za kitabu, nao huwa wakali sana linapofika suala la bei ya sabuni.