Nauli ya Kwenda, Nauli ya Kurudi

Addis Ababa. Hospitali ya fistula imezungukwa na bustani, na wagonjwa huota jua wamejifunika mashuka ya rangi rangi. Catherine Hamlin na mumewe Reginald, wote madaktari bingwa wa uzazi, waliingia Ethiopia mwaka 1959 wakaifungua hospitali hii mwaka 1974. Ugonjwa wenyewe ni wa kucheleweshwa. Uchungu ukienda siku mbili tatu na mtoto hapiti, kichwa chake hubana nyama kwenye mfupa wa nyonga, damu haifiki, nyama zinaoza, tundu linabaki: ndiyo fistula. Mtoto mara nyingi hafiki duniani akiwa hai. Mama huanza kuvuja mkojo usiku na mchana, kisha ndugu wanamkwepa.

Hapa nimeandika jina la Mamitu Gashe na kulipigia mstari. Alitibiwa na akina Hamlin akiwa binti asiyejua kusoma, akabaki akitandika vitanda, akasogea hadi chumba cha upasuaji, mwisho akawafundisha madaktari waliotoka vyuo vikuu. Aliyepona, desturi ya hapa ni kumpa gauni jipya na nauli ya kurudi kwao.

Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT, Msasani. Upasuaji ni wa bure, lakini zamani wanawake hawakuja. Mtu wa kijijini atapata wapi nauli ya basi hadi Dar, na abiria gani watakubali kukaa naye akivuja? Mwaka 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa: balozi wa kujitolea anamtambua mgonjwa, anapokea fedha kwenye simu, anamkatia tiketi. Addis nauli ni ya kurudi, Dar ni ya kuja. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua ya Dar. Daktari bingwa anayemngoja mgonjwa mlangoni amefanya nusu ya kazi, hata mikono yake iwe na ustadi namna gani.

Bukavu, Kivu, mashariki mwa Kongo. Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 akilenga akina mama wajawazito. Vita vikamletea waliobakwa, wengi wakiwa wameraruliwa kuliko uzazi wowote unavyoweza kurarua. Kwa hiyo Panzi ina mshauri wa kumsikiliza mwanamke, wakili wa kumpeleka mahakamani, na fundi wa kumfundisha kazi. Sijaona kwingine wakili akihesabiwa kuwa sehemu ya tiba, na nimekubali kabisa kwamba ni sehemu yake: jeraha hili lina mhalifu.

Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia Mukwege nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia Ulaya na familia yake. Wanawake wa Kivu, wengi wao wakiishi kwa chini ya dola moja kwa siku, wakauza mananasi na vitunguu, wakachanga fedha za tiketi yake ya ndege ya kurudi. Januari 2013 alirudi kazini.